Kila Sufuria Ilitaka Tangawizi

Mpishi hakuweza kula kaa. Wala kamba, wala kome, wala chaza, wala kiumbe yeyote anayeishi ndani ya gamba. Tone moja la mchuzi wao likigusa mdomo wake, midomo humvimba, macho humfumba, na koo humbana mpaka avute pumzi kama mtu anayevuta ndoo kisimani. Sasa sikia kituko: kazi yake ilikuwa kupika kaa, kamba, kome na chaza. Alikuwa na mkahawa wake mwenyewe, meza saba na benchi moja la nje, na watu walivuka mji mzima kuja kula chakula ambacho mpishi wake hajawahi kukionja hata siku moja.

Aliyeonja ni mumewe. Sokoni walimwita Ulimi, na jina lilimganda mpaka hata mkewe akalizoea. Kati ya jiko na ukumbi wa kulia palikuwa na kidirisha kisicho na kioo, kipana kiasi cha kupitisha sinia. Ulimi alisimama upande wa ukumbi, chupa zimepangwa nyuma yake, aproni nyeupe kifuani. Mpishi alisimama upande wa moto. Sufuria ikikaribia kuiva, alichota kijiko, akakipuliza, akakipitisha dirishani. Ulimi alifumba macho, akavuta mchuzi kwa sauti ya kuwatia aibu watoto wa watu, akangoja kidogo. Kisha akatamka hukumu.

Hukumu ilikuwa na sehemu mbili. Kwanza, sufuria inataka nini. Pili, mezani kiende kinywaji gani. "Punguza moto, tia ndimu kidogo, usimwage kama unazima moto. Na hawa wape maji ya tango na nanaa." Hakuwa na cheti cha mtu yeyote, lakini ungemsikiliza. Kaa, alisema, ana utamu wake wa kuzaliwa, kwa hiyo usimwekee soda mbele. Utamu juu ya utamu ni ugomvi wa mawifi. Mpe kitu chachu au chenye uchungu kidogo. Chaza ni bahari yenyewe: mkamulie limau, mpe mtu divai nyeupe kali iliyopoa, kisha ondoka, usimharibie. Kome hupatana na kile walichopikiwa, basi kilichoingia kwenye sufuria kiingie na kwenye kikombe. Kamba wa makaa anaweza kubeba pilipili na bia chungu, na kwa asiyekunywa, maji ya ukwaju yasiyo na sukari. Kahawa hakuiruhusu karibu na gamba lolote. Mtu mmoja aliwahi kuagiza kahawa na chaza, Ulimi akamwuliza kwa upole kama amefiwa.

Lakini kulikuwa na jambo la tatu, na hilo wateja hawakulijua. Baada ya hukumu, Mpishi alisogeza uso wake kidirishani akauliza, "Yukoje?"

Na Ulimi alimwambia ladha ya aliyemo kijikoni. Alimwambia kwa sauti ya chini, bila haraka, hata kama wateja walikuwa wanagonga meza. Siku moja kamba walikuwa kama karanga mbichi zilizochemshwa kwa maji ya chumvi. Siku nyingine walikuwa wakali mwanzoni, halafu wakaomba msamaha. Mpishi alisikiliza huku amefumba macho na yeye, na watu wasioelewa walidhani ni mahaba ya uzeeni. Labda yalikuwa mahaba. Kwa zaidi ya miaka thelathini mwanamke yule alikula chakula chake kwa masikio.

Walikutana hivyo hivyo. Mpishi alikuwa bado msichana wa kuosha masufuria katika hoteli kubwa, akapandishwa kuwa msaidizi wa jiko kwa sababu mikono yake ilikuwa myepesi na pua yake kali. Ulimi alikuwa mhudumu wa vinywaji. Mpishi mkuu wa hoteli alikuwa na sheria moja: asiyeonja anachopika, aende akapike kwa mama yake. Msichana aliificha siri ya koo lake, na kila alipotakiwa kuonja, alipita karibu na kaunta ya vinywaji akiwa na kijiko. Yule kijana alionja, akamnong'oneza, na msichana akarudi jikoni kutangaza kama vile ulimi ni wake. Hakuna posa iliyopelekwa kwa njia hiyo kabla yao. Watu hupeleka mahari. Huyu alipeleka habari za chumvi.

Mwaka mmoja Ulimi akaugua. Ilikuwa homa tu, lakini homa ya kumlaza mtu chali na kumfanya aongee na ukuta. Mkahawa ulifungwa. Mpishi alikaa kando ya kitanda, akamlisha uji, akamkanda kwa kitambaa cha maji, akapiga moyo konde mbele za watu na kulia akiwa bafuni. Homa iliposhuka, Ulimi alibaki mashavu yameingia ndani na suruali inashikiliwa na mkanda na dua. Wakashukuru. Mtu akitoka huko humuulizi ameacha nini njiani.

Siku walipofungua tena, Mpishi alipika kaa kwa siagi na kitunguu saumu, akapitisha kijiko. Ulimi akafumba macho, akavuta, akangoja. Akangoja zaidi ya kawaida. Mpishi alimwona akimeza, koo likapanda na kushuka.

"Inataka tangawizi," akasema.

"Kwenye siagi?"

"Tangawizi, mke wangu. Na wape maji ya tangawizi baridi."

"Yukoje?"

"Mzuri," Ulimi akasema. "Mzuri sana." Akageuka kupanga chupa ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Kesho yake kome nao walitaka tangawizi. Kamba wakataka tangawizi. Hata chaza, ambao Ulimi hakuwahi kuruhusu waguswe na kitu zaidi ya limau, wakawekewa tangawizi iliyokunwa juu, na pembeni jagi la tangawizi. Pua ya Mpishi ilimnong'oneza kwamba kuna jambo, akaiambia pua inyamaze. Yeye ni nani abishane na Ulimi? Pua hujua kwamba kitu kimeungua. Haijui chumvi, wala haijui utamu umekaa wapi. Alikuna tangawizi mpaka vidole vikawasha.

Mjini wakaanza kunong'ona, na lisemwalo lipo, kama halipo laja. Benchi la nje likakaa tupu. Kisha meza ya dirishani. Mama mmoja aliyekuwa mteja wa siku nyingi aliacha nusu sahani, akasema kwa adabu kwamba siku hizi kaa wao amekuwa dawa ya kifua. Mpishi alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Dawa ya kifua? Sahani hii imeonjwa na mtu aliyeonja kabla hujajua kutafuna! Kama ulimi wako umechoka, upumzishe nyumbani kwako."

Yule mama aliinuka, akalipa, na hakurudi tena. Mpishi alirudi jikoni na hasira zake, akajiona ameilinda heshima ya nyumba yake.

Binti yao ndiye aliyesema. Alikuwa fundi wa nguo mtaa wa pili, mtoto wao wa pekee, mwenye mdomo wa baba yake na subira ya mama yake, yaani kidogo sana. Alikuja mchana mmoja, akaamkia, akakaa na sahani ya kome, akala vijiko viwili, akaweka kijiko chini. Akamfuata mama yake uani walikokuwa wakimwaga magamba.

"Mama, nani ametia tangawizi yote hii?"

"Baba yako ndiye aliyeonja."

"Najua ndiye aliyeonja. Wiki iliyopita kaa alikuwa tangawizi. Juzi kamba walikuwa tangawizi. Kinywaji nacho tangawizi. Mama, hapo hakuna chakula, kuna mwasho tu."

"Baba yako hajawahi kukosea."

"Sijasema amekosea." Binti alishusha sauti. "Nasema labda hasikii ladha yoyote."

Mpishi alimfukuza. Alimwambia arudi kwenye cherehani yake akashone midomo ya watu, wake ukiwa wa kwanza. Lakini neno lilikuwa limeshaingia, na neno likiingia ndani ya mtu hulitoi kwa kumfukuza aliyelileta.

Asubuhi iliyofuata, kabla wateja hawajafika, Mpishi alichemsha maji matupu kwenye sufuria ndogo. Akatia manjano kidogo yapate rangi. Hakutia chumvi. Hakutia kaa, wala siagi, wala chochote kingine. Akachota kijiko, akakipuliza kama anavyokipuliza siku zote; tone likaanguka likachemka juu ya chuma cha jiko. Alitamani kukimwaga. Aliomba kimoyomoyo mumewe acheke na kusema, wee mwanamke, umeamka na nini leo, unanipa maji?

Ulimi alifumba macho. Akavuta. Akangoja.

"Kaa leo ametulia," akasema. "Utamu umekuja vizuri. Tangawizi kidogo tu, halafu basi."

"Haya," Mpishi akasema.

Alirudi kwenye moto akaugeuzia mgongo ukumbi mzima. Hakulia kwa sauti. Alikuna tangawizi, akaikuna yote, akaitupa kwenye pipa la taka. Mwanamume yule alikuwa hajasoma, hana shamba, hana ndugu wa kumtegemea, na mara nyingi alikuwa amesema kwa utani, "Nikiacha kuonja, mimi ni mlinzi wa chupa tu." Mpishi aliuona utani ule sasa ulivyo. Akimwambia, atamwondoa pale dirishani, na akimwondoa pale, atabaki na mume wa aina gani? Aliogopa kumwona Ulimi akiwa si Ulimi tena. Akakata shauri kwamba mumewe hatajua. Afe bila kujua, ikibidi.

Akamfuata binti yake kwenye cherehani, na safari hii hakwenda na ukali.

"Utakuja kuonja," alimwambia. "Kabla kijiko hakijafika kwa baba yako. Utasema unanisaidia kubeba sahani kwa kuwa miguu inaniuma."

"Mama, mwambie tu."

"Nimwambie nini?"

"Ukweli. Mficha maradhi kilio humfichua."

"Kilio kikifika nitakilia mimi. Wewe njoo uonje."

Wakafanya hivyo. Binti alikuwa na ulimi mzuri, amelelewa chini ya meza za mkahawa ule na amesikia hukumu za baba yake kabla ya kujua kusoma. Alionja pembeni ya friji, akanong'ona: chumvi, ndimu, acha. Kisha kijiko kikaenda dirishani, Ulimi akafumba macho, akasema tangawizi, Mpishi akajibu "Haya," na hakuna aliyeigusa tangawizi. Vinywaji vya chupa vilikuwa nyuma ya Ulimi, lakini vya majagi vilikaa jikoni, na vilipelekwa kwa vikombe vya udongo ambavyo havionyeshi ndani. Ulimi alipoita tangawizi baridi kwa meza ya tatu, binti alimimina kile kilichotakiwa. Kaa wa siagi walipata maji ya tango. Kamba walipata ukwaju. Ulimi aliona vikombe vikipita, akaridhika.

Wateja wakaanza kurudi. Benchi la nje likajaa. Ulimi alinenepa kidogo mashavu, akaanza tena kutania watu, akamwambia mkewe kupitia dirishani, "Unaona? Walibisha mwanzoni. Tangawizi inataka mtu aizoee."

"Naona, mume wangu," Mpishi alisema, akacheka naye, kisha akavuta vitunguu karibu ili awe na cha kusingizia machozi.

Lakini hakuacha kuuliza. Kila siku, baada ya kijiko, alisogeza uso na kusema, "Yukoje?" Angeacha, mumewe angeshuku. Na Ulimi alijibu. Wakati mwingine alisema "mzuri" tu. Wakati mwingine alijikaza akatunga kitu, kwamba kome leo wana harufu ya asubuhi, na Mpishi alijua kwamba anatunga, akaitikia kwa kichwa na kumeza uongo ule kama mtu anayemeza chakula cha mgeni. Hayo ndiyo yaliyomchosha kuliko moto wa jiko.

Palikuwa na hakimu mstaafu aliyekuwa akija kula kome kila Jumamosi. Alikuwa mtu wa maneno mengi, kama walivyo watu waliolipwa miaka mingi kusikiliza. Jumamosi ile alikula, akafuta sufuria yake ndogo kwa mkate mpaka ikang'aa, akajikokota hadi kaunta na kikombe chake mkononi.

"Ulimi, nitakwambia ukweli," alisema kwa sauti ya mahakamani. "Nilikuwa nimeshakukatia tamaa. Siku zile ulitutia tangawizi mpaka ndotoni. Lakini umerudi, bwana! Kome kwa mchaichai na shamari kidogo, halafu pembeni unanipa maji ya tufaha chachu yaliyopoa. Nani mwingine angeyaozesha hayo mawili? Tangawizi humu hakuna hata ya kusingiziwa. Hongera."

Ulimi alikuwa ameagiza tangawizi kwenye kome wale. Tangawizi kwenye sufuria na tangawizi kwenye kikombe. Mpishi alisikia yote kupitia kidirisha, kijiko cha sahani inayofuata kiko mkononi mwake.

"Asante, mheshimiwa," Ulimi alisema. Alitabasamu. Alimsindikiza hakimu mpaka mlangoni, akampa salamu za nyumbani. Kisha akarudi, akachukua kile kikombe cha udongo kilichoachwa kaunta. Kilikuwa na kinywaji kidogo chini. Akakinusa. Akachovya kidole, akakilamba. Akanusa tena, akiibana pua ndani ya kikombe kama mtoto. Mpishi hakuweza kuangalia wala hakuweza kugeuka.

Ulimi akakileta dirishani, akakiweka pale kinapowekwa kijiko.

"Humu mlikuwa na nini?" akauliza.

Binti aliyekuwa kando ya friji aliondoka polepole, akaenda uani.

"Tufaha," Mpishi akasema. "Mume wangu, ni tufaha."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya maji."

"Maji gani?"

Angeweza kudanganya bado. Alikuwa amezoea. "Nilikupa maji ya moto yenye manjano. Ukaniambia kaa ametulia."

Ulimi alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyejikwaa mbele za watu. Kisha kikaisha. "Na baada ya hapo ukaendelea kunipa kijiko."

"Niliendelea."

"Kila siku. Nafumba macho, naonja, nasema. Na wewe unaitikia haya." Alishika ukingo wa kidirisha kwa mikono miwili. "Na mtoto anaona."

"Nilitaka nikuhifadhi."

"Umenihifadhi kama ndimu kwenye chupa. Ungeniambia, mke wangu."

"Na wewe ungeniambia!" Lilimtoka kwa sauti, na wateja wa meza ya karibu wakainamia sahani zao. "Wewe ulijua kabla yangu. Siku ya kwanza ulijua. Umenikunisha tangawizi, umenifukuzia wateja, nimemtukana mama wa watu kwa ajili yako. Kwa nini hukusema?"

Ulimi aliachia ukingo wa kidirisha. "Tangawizi ndiyo pekee ninayoisikia," alisema. "Inaniuma. Vingine vyote ni kama kutafuna kitambaa. Siku ile ya kwanza neno lilikuwa mdomoni, nilitaka nikwambie pale pale. Halafu ukaleta uso wako hapa ukaniuliza yukoje." Alimwangalia. "Mimi nisipomsikia, wewe utamsikiaje?"

Mpishi alikuwa hajawahi kufikiri kwamba mumewe alikuwa anamlinda yeye. Wote wawili walikuwa wamefichana msiba mmoja, kila mmoja akidhani mwenye msiba ni mwenzake.

Ulimi alifungua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka kidirishani kando ya kikombe. "Mwite mtoto," alisema. "Meza ya nne wanangoja."

Hakugomba, na hakununa. Ingekuwa afadhali angenuna. Asubuhi zilizofuata alikuja mkahawani kama kawaida, lakini alipita ukumbini bila kusimama, akaenda uani kukaa kwenye kigoda, akamenya vitunguu saumu. Alimenya vizuri. Sokoni waliendelea kumwita Ulimi, naye aliitika.

Binti akavaa aproni. Kazi aliiweza, na hilo lazima lisemwe. Alijua divai ipi ni kali mno kwa kaa na ipi ni laini mno kwa chaza, na alimkatalia mtu kahawa bila hata kumpa pole. Mkahawa ulijaa. Siku ya kwanza, baada ya hukumu, Mpishi alijisahau, akasogeza uso kidirishani.

"Yukoje?"

"Yuko sawa, mama," binti akasema. "Nimeshasema ndimu. Meza ya pili hiyo."

Hakuwa na kosa. Nani angejua kwamba swali lile lilikuwa na jibu refu? Mpishi alitia ndimu. Alipika siku nzima, sahani zikatoka zimejaa na kurudi zimelambwa, na jioni alipokuwa anafuta jiko aligundua kwamba hajui alichopika. Watu thelathini wameshiba kwa mkono wake, na yeye amekaa na njaa ya kitu ambacho hakijawahi kufika mdomoni mwake.

Mchana mmoja, watu wa chakula cha mchana walipotawanyika, alitoka uani na beseni la magamba. Ulimi alikuwa kwenye kigoda chake, kisu kidogo mkononi, maganda ya vitunguu yamejaa mapajani. Alikuwa ameacha kumenya. Mpishi alimwaga magamba, akaketi chini kando yake, miguu imenyooka, kama wanavyokaa wanawake waliochoka.

"Nimeanza kusahau," Ulimi alisema.

"Kusahau nini?"

"Kaa. Nilikuwa nikikaa hapa namkumbuka. Nikitaka kujua leo umepika nini, nanyamaza, anakuja. Lakini jana nilimwita, hakuja. Najua tu kwamba alikuwa mtamu. Utamu gani, sijui." Aligeuza kisu mkononi. "Niambie wewe."

"Mimi?" Mpishi alishtuka. "Mume wangu, mimi sijawahi kumla."

"Najua."

"Nitakwambia nini?"

"Nilichokuwa nakwambia."

Jikoni binti alikuwa anaita kwamba sufuria ya jioni imeanza kushika chini, mama, sufuria. Mpishi alisikia, hakuinuka. Alifumba macho kama alivyokuwa akifumba kidirishani, akaanza.

"Ulisema mwanzoni anaficha," alisema. "Ulisema unapomtia mdomoni hakuna kitu, chumvi tu, mpaka utake kukata tamaa. Halafu unatafuna mara moja, na utamu unatoka nyuma, kwenye kona za taya. Si utamu wa sukari. Ni wa maziwa ya ng'ombe aliyekula majani mabichi. Ulisema unadumu mpaka umeze, na ukishameza, mdomo unabaki na upweke kidogo."

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema hivyo. Tulikuwa bado hotelini. Nilikuwa na kiatu kimoja kimekatika."

Ulimi alikuwa amefumba macho. Koo lilipanda na kushuka. Alingoja, kama alivyokuwa akingoja siku zote na mchuzi ulimini, na Mpishi alimwangalia akingoja, machozi yanamshuka bila kitunguu cha kusingizia, kwa maana aliona usoni mwake kwamba hakuna kilichokuja.

"Na kome?" Ulimi akauliza.

Akamwambia na kome.